Chupa Kumi za Zinki

Kalemie, tarehe 9 Februari 1986

Mudogo wangu Cyrille,

Sisi hapa tuko wazima, isipokuwa magoti ya Mama, ambayo yanamusumbua kila mvua inapokaribia, na mvua ya Februari unaijua. Mama anakusalimu sana. Anauliza kama unakula. Nilimwambia hakuna muntu anayekufa njaa Ubelgiji, lakini amesema niandike hivyo hivyo: "Muulize kama anakula." Basi nimekuuliza. Angélique, binti wa Papa mudogo, alishuka kutoka Kirungu kwa Noeli. Bado njo muuguzi peke yake kule milimani, yeye na wakunga wawili, na anasema baridi ya Marungu itamuzeesha mbele yetu sisi wakubwa wake.

Barua yako ya Novemba tuliipata juzi. Jirani yetu Valère aliileta kutoka posta ya Bujumbura pamoja na makatoni yake ya sabuni ya kuuza. Nilimusomea Mama ukurasa wa kwanza, ule wa theluji na viatu. Ukurasa wa pili, ule wa kazi yako, sikumusomea. Nilimwambia umeandika hesabu tupu. Picha yako ameibandika ukutani juu ya kitanda chake: wewe na koti jeupe, mukono juu ya ile mizani iliyofungiwa ndani ya kioo. Nyuma umeandika kwamba inapima hata uzito wa unywele. Kila asubuhi nikimupelekea Mama chai naiona kwanza hiyo mizani, ndipo namuona mama yangu.

Nakupongeza. Neno hilo nililiandika mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya kuliandika hapa.

Sasa jambo lenyewe. Unasema profesa wako amekupa kazi ya kutengeneza betri ya zinki na maji, ambayo ikiisha haitupwi, inachajiwa tena kama ile ya gari. Cyrille, kazi hiyo mimi naifanya tangu mwaka jana. Usicheke kwanza. Wanafunzi wangu huniletea mabuye ya redio yaliyokufa, zile betri kavu, nami nayapasua. Ndani yake kila kitu kipo: kikombe cha zinki, unga mweusi, kijiti cha kaboni. Vikombe vilivyooza naviyeyusha katika tindikali ya batri ya gari mpaka mapovu yaishe, napata maji ya chumvi ya zinki. Natia maji hayo katika chupa ya konfitiri, ile ya jamu, upande mumoja kipande kizuri cha zinki, upande wa pili unga mweusi umefungwa ndani ya kitambaa na kijiti katikati. Naichaji na ile mashine ya karakana ya shule. Balbu ya tochi inawaka. Ikizimika nachaji tena, inawaka tena. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilitoka nje nikatembea mpaka ziwani, peke yangu, maana hapa shuleni sikuwa na muntu wa kumwambia.

Lakini ikifika mara ya nne au ya tano, inakufa. Nikifungua nakuta zinki imeota sindano, nyembamba, zimetoboa kitambaa mpaka kwenye unga. Nakuuliza kama muntu anavyomuuliza mwenzake wa kazi: sindano hizo ninyi munazizuiaje?

Dada yako mukubwa,
Emerance


Liège, 27 Aprili 1986

Yaya Emerance,

Mwambie Mama ninakula, viazi kila siku, na mugahawa wa chuo hawajui pilipili ni nini. Magoti yake ayafunge na kitambaa cha sufu. Nimetuma kimoja kwa njia ya padri anayerudi Moba. Mimi mwenyewe niko salama. Baridi imepungua.

Barua yako imenifurahisha. Ni jambo zuri kwa wanafunzi kuona betri inavyofanya kazi. Lakini usije ukafikiri, Yaya, kwamba njo kazi ileile. Sisi hapa zinki yetu ni safi kabisa, na maji tunayachuja kwa mvuke mara mbili. Zamani watu walitumia potasi kali katika betri hizi. Sasa tumesoma kwamba Wajapani wameanza kutumia chumvi ya zinki isiyo kali, nasi tunafuata njia hiyo. Kazi yote iko katika maji yale. Zinki inapochajiwa inatoka majini kurudi kwenye sahani, lakini haijitandazi. Inakimbilia palipoinuka kidogo, pale panainuka zaidi, ndipo sindano zinaota. Tena maji yenyewe yanaharibika polepole. Kupata maji ambayo zinki italala ndani yake kwa utulivu, hiyo njo tezi yangu nzima, kitabu cha shahada yangu. Miaka minne. Sitaki upoteze muda wako na vikombe vya mabuye.

Hapa niko na mwenzangu mumoja, anaitwa Nicolas, muntu wa Namur. Baba yake ni injinia. Profesa akiingia labo, maabara yetu, anasimama kwanza kwenye meza ya Nicolas. Sijui kwa nini nakuandikia hayo.

Musalimie Angélique.

Mudogo wako,
Cyrille


Kalemie, 30 Juni 1986

Ndugu yangu Cyrille,

Kitambaa cha sufu kimefika. Mama anakivaa shingoni, si magotini. Anasema goti halionekani na watu. Kiangazi kimeingia, vumbi ni jingi, shule zinafunga wiki hii. Valère ameoa. Ndiyo, Valère! Bibi arusi ni wa Uvira, anacheka sana.

Asante kwa kunieleza kwamba ni jambo zuri kwa wanafunzi.

Wewe na mimi tulifanya mutihani mumoja wa burusi ya kwenda kusoma Ulaya, mwaka 1982. Matokeo yalibandikwa: mimi wa kwanza, wewe wa pili. Siku ya kuitwa mbele ya jopo kule Lubumbashi, wewe ulikuwa umekwisha kufika, mimi nilikuwa ndani ya treni, na treni ililala Kabalo siku tatu. Nilipofika, mulango ulikuwa umefungwa na jina lilikuwa lako. Sikukulaumu wakati ule, na leo sikulaumu. Lakini usiniambie zinki inakimbilia wapi. Nimeiona.

Sikiliza basi. Mwezi wa nne nilitengeneza chupa nane, zote sawasawa, maji ya ndoo moja. Saba zilikufa kama kawaida. Ya nane haikufa. Niliichaji mara kumi, mara ishirini. Jana ilikuwa mara ya thelathini na moja. Niliifungua asubuhi. Zinki imelala laini kama ukucha, hakuna hata sindano moja. Kabla ya hapo nilikuwa nimetafuta wiki mbili kujua chupa hiyo ilikuwa na nini ambacho zingine hazikuwa nacho. Nikajua. Nikakitia katika chupa nyingine tatu, na zote tatu zinaishi.

Ni kitu kidogo, kila nyumba ya Kalemie inacho. Sikuambii.

Jambo moja tu ambalo sijatulia nalo: kwa joto hili maji yanakauka na vumbi linaingia, kwa hiyo nimeanza kufunga vifuniko kabisa, nazungushia nta ya buji, ya mushumaa. Ninyi vifuniko vyenu munavifungaje?

Emerance


Liège, 14 Septemba 1986

Yaya,

Barua yako ilikawia Bujumbura, nimeipata jana. Pongezi kwa Valère. Mama asivue kile kitambaa usiku. Mimi niko mwembamba kidogo, lakini usimwambie.

Mara thelathini na moja haiwezekani. Nasema hivyo kwa heshima. Labda hukumaliza umeme wote kabla ya kuchaji tena, labda mashine ya karakana inadanganya. Mimi, na mizani ile unayoiona asubuhi, nimefika mara tisa. Nicolas amefika mara ishirini, na juzi profesa alimwalika nyumbani kwake kula. Mimi nimeketi na profesa huyo labo moja mwaka muzima na sijui hata nyumba yake iko mutaa gani.

Tafadhali niambie ni nini. Ni chumvi? Ni majivu? Ni mafuta ya mawese? Nimejaribu yote hayo, nimeharibu sahani kumi na mbili. Umenifanya ninunue sokoni vitu vingi, hata Hélène, mama anayetunza vyombo vya labo, ananiuliza kama nataka kupika. Nani atakutazama kule Kalemie ukiwa na jibu hilo? Mimi hapa lingenisaidia. Tungeandika pamoja, kama unataka.

Kuhusu vifuniko vyako na nta, kuna neno la kusema. Nitalisema ukinijibu.

Cyrille


Kalemie, 7 Desemba 1986

Cyrille,

Mama ni muzima. Alikwenda misa kwa miguu Jumapili mbili mfululizo. Anauliza kama unakula, na safari hii mimi pia nauliza, maana uliandika umekuwa mwembamba, na mambo kama hayo simusomei.

"Nani atakutazama kule Kalemie." Nimeusoma mustari huo mbele ya dirisha, nikaikunja barua, nikaenda kupakia chupa.

Nakueleza nilikokwenda. Angélique alikuwa ameniandikia kwamba foni ya zahanati ya Kirungu imenyamaza tangu vita ya Moba ya mwaka 1984. Redio yenyewe ni nzima, ile ya kuzungumza na daktari kule chini, lakini batri zake zimekufa na mpya hazipatikani. Nilitengeneza chupa kumi kubwa, zile za kilo mbili, nikazipanga katika sanduku na majani makavu. Nilipanda mashua mpaka Moba, siku mbili, na sanduku katikati ya miguu yangu. Kutoka Moba nilipanda juu na lori la mahindi. Kila tuta dereva alikuwa anasema, "Madame, hiyo pombe yako itamwagika." Hakuna hata tone lililotoka.

Tuliunganisha chupa kumi mustari mumoja. Angélique alikuwa na mukono juu ya kitufe, hataki kubonyeza. Nilimwambia, "Bonyeza basi, dada." Alisema, "Moba, Moba, hapa Kirungu, munatusikia?" Kimya. Akasema tena. Halafu sauti ya mwanaume, karibu kama yuko jikoni: "Kirungu! Tunakusikia vizuri. Munasema tena tangu lini?" Angélique aliniangalia, akaanza kulia na kucheka.

Siku tano baadaye, saa nne ya asubuhi, wakaleta musichana wa miaka kumi na saba juu ya machela, amekuwa na uchungu tangu juzi, mutoto amekaa vibaya. Angélique aliita Moba. Jeep ya misheni ilipanda, ikamuteremusha. Saa kumi daktari mwenyewe aliita: mama na mutoto ni wazima, mutoto wa kiume, kilo tatu. Watu wa Kirungu sasa wanasema "mabuye ya Madame". Wananiletea viazi.

Kwa hiyo hapa kuna muntu wa kunitazama.

Neno lako la vifuniko, baki nalo. Vifuniko vyangu vinafunga vizuri. Nitarudi Kirungu mwezi wa kwanza kuangalia chupa, maana padri amekubali kuzichaji na groupe yake, ile jenereta ya misheni, kila Jumapili, na groupe ile ina nguvu.

Krismasi njema.

Emerance


Kalemie, 22 Februari 1987

Ndugu yangu,

Sisi wote wazima. Mama anakusalimu. Mvua ni nyingi, barabara ya kiwanja cha ndege imekatika.

Mambo ya chupa nimeyaacha. Usiniulize tena. Kazi ya shule ni nyingi.

Kama barua hii ni fupi ni kwa sababu Valère anaondoka sasa hivi.

Kula vizuri.

Emerance


Liège, 5 Aprili 1987

Yaya Emerance,

Sitauliza habari za nyumbani leo, maana nimekwisha kuzipata.

Barua yako mistari yake imepandana. Wewe, uliyetufundisha sisi sote kuandika juu ya mustari na rula. Nilidhani umeandika ndani ya mashua. Halafu nikaona karatasi ya pili, ndogo, mwandiko wa Valère. Aliitia ndani ya bahasha pale posta ya Bujumbura. Ameandika: "Dada yako hatakwambia. Tarehe 18 Januari, Kirungu, chupa moja ilipasuka akiwa ameinama juu yake. Kioo kiliingia jicho la kushoto. Daktari wa Moba ametoa kioo, jicho halikupona. Mama analia. Andika."

Naandika.

Oktoba ya mwaka 1985, kabla hata sijakuambia habari ya kazi hii, chupa ilipasuka katika labo yetu. Hakuna aliyeumia, tulikuwa tumekwenda kula. Hélène alifagia kioo chumba kizima. Betri hii ikichajiwa kwa nguvu nyingi, maji yenyewe yanavunjika na kutoa gesi, na gesi ikikosa pa kutokea inavunja chupa. Tangu siku hiyo kila kifuniko chetu kina tundu dogo. Mutoto wa shule angelielewa hilo. Wewe ungelielewa kwa maneno mawili: toboa vifuniko.

Yaya, nilijua. Uliniuliza, kwa mwandiko wako, "munavifungaje?" Nilishika kalamu. Nikafikiri: yeye ana thelathini na moja, mimi nina tisa. Nikaandika kwamba nitasema ukinijibu. Kisha ukaniandikia habari ya groupe yenye nguvu. Barua hiyo niliisoma mwezi wa kwanza, tarehe 9. Kulikuwa na siku tisa. Ningeweza kutuma telegramu. Sikutuma, kwa sababu katika barua hiyohiyo kulikuwa na musichana aliyepona, na daktari, na watu wanaokuletea viazi, na mimi hapa hakuna anayeniletea hata salamu. Nilikasirika siku nne. Baadaye nikasema nitaandika kesho.

Na kwa kuwa nimeanza, nimalize. Siku ile ya jopo, Lubumbashi, muzee mumoja wa jopo aliuliza: "Huyu Kyomba Emerance, wa kwanza, nani anajua yuko wapi?" Tulikuwa sita ndani ya chumba. Nilijua uko Kabalo. Papa alikuwa ameniletea habari kwa njia ya watu wa stesheni. Muzee yule alisema, "Kama yuko njiani, tunaweza kungoja mpaka Ijumaa." Alituangalia mumoja mumoja. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Wewe ulikuwa wa kwanza katika kila kitu, tangu nilipokuwa natambaa. Nilitaka mara moja tu mulango ufunguke mimi nikiwa mbele.

Siombi unisamehe. Nimeandika kwa sababu Valère amesema niandike, na kwa sababu sikulala.

Cyrille


Kalemie, 21 Juni 1987

Cyrille,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kwa jicho moja kusoma kunachosha, kwa hiyo ujue kwamba nilitaka kuisoma.

Mama alinilazimisha nimusomee. Nilianza kuruka kama desturi yangu, akasema, "Safari hii yote, hata mabaya." Nikamusomea yote. Alisimama na magoti yake hayo, akabandua picha yako ukutani, akaitia ndani ya sanduku chini ya vitenge. Ilikaa mule siku nane. Siku ya tisa nilikuta ameirudisha. Sikumuuliza. Sikupenda alivyoirudisha, nakuambia ukweli.

Unataka kujua ilikuwaje? Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Groupe ilikuwa inapiga kelele. Nilisikia chupa ya tatu inalia kidogo, kama maji ya chai yanayoanza kuchemka, nikainama kusikiliza. Ni hivyo tu. Nilisikia Angélique anaita jina langu kutoka mbali sana, na alikuwa ananishika kichwa. Miaka mitano nafundisha watoto kwamba umeme unavunja maji kuwa gesi mbili. Nimeichora picha hiyo ubaoni kila mwaka. Sikufikiri juu ya vifuniko vyangu kwa sababu nilikuwa na haraka ya kukushinda. Neno lako lilinifikia, "kuna neno la kusema", na mimi nikasema baki nalo. Kosa lako ni lako. Hilo ni langu, na sitaki unibebee.

Ya Kabalo ni kitu kingine. Hiyo nimeiweka kando. Siku fulani utarudi hapa, utakaa mbele yangu, utanieleza ukiniangalia jicho hili lililobaki. Kwa barua haitoshi.

Sasa sikiliza. Angélique ameniandikia mwezi uliopita. Foni imenyamaza tena. Padri alitupa chupa zote tisa zilizobaki, aliogopa, na ninamwelewa. Mwezi wa tano mwanaume mumoja wa Kirungu aliumwa na nyoka shambani. Dawa ilikuwa Moba. Walituma kijana kwa miguu. Hakuwahi.

Kwa hiyo nakuambia kilichokuwa katika chupa ya nane. Si zawadi. Nakuambia kwa sababu ya muntu yule.

Ni ngozi ya sangala. Mama alikuwa amehifadhi katika chupa ile muchuzi wa kichwa cha sangala, ule unaoganda kama gundi ukipoa, nami sikuiosha vizuri. Nilijua kwa pua. Chukua ngozi na mifupa ya samaki, chemusha muda murefu, chuja mafuta yote, yaliyobaki yakiganda njo hayo. Matone matatu kwa chupa ya kilo mbili. Ukizidisha, betri inalegea. Kwa nini zinki inatulia nayo sijui, na hilo ndilo linaloniuma kuliko jicho: wewe utajua kabla yangu.

Nataka majibu haya, na nayataka kwa barua ya kwanza: tundu la kifuniko liwe kubwa kiasi gani, umeme wa kuchaji usizidi kiasi gani, na gesi yenyewe, je, inaweza kushika moto ndani ya chumba kilichofungwa. Tunaanza tena, Angélique na mimi.

Usifikiri nimepoa. Nakuonea wivu hata sasa. Nakuonea wivu maji yako safi na mizani yako na miaka yako minne ya kufikiri kitu kimoja bila kengele ya darasa.

Mama anauliza kama unakula.

Emerance


Liège, 18 Oktoba 1987

Yaya,

Ninakula. Mwambie Mama nimeongezeka kilo mbili.

Majibu yako kwanza. Tundu: toboa kwa sindano ya kushonea nguo nzito, kisha weka juu yake kitambaa cha pamba ili vumbi lisiingie. Umeme: polepole, chupa ijazwe kwa saa kumi, isiwe chini ya hapo; groupe ya padri moja kwa moja hapana kabisa, weka balbu ya gari katikati ya njia ili ipunguze nguvu. Gesi: ndiyo, inashika moto. Chupa zikae nje barazani wakati wa kuchaji, hakuna kibiriti, na muntu asiiname juu ya chupa hata kama inalia. Karatasi ya pili ni maneno hayohayo kwa herufi kubwa, Angélique aibandike ukutani. Nimeituma pia kwa padri wa Moba, na nakala ya tatu kwa Valère, ili isipotee.

Sasa habari ya hapa. Sangala haipatikani Liège. Nilichemusha ngozi za samaki wa soko lao, wenye harufu mbaya kuliko wetu, mpaka Hélène akafungua madirisha yote na baridi ile. Matone matatu kwa kipimo chako. Nilianza mwezi wa nane. Mara kumi. Ishirini. Nilikuwa siendi kulala. Thelathini na moja ilipita Jumatatu moja ya Septemba, nikakaa chini sakafuni. Leo iko mara sitini na mbili na zinki imelala. Nadhani sababu ni hii: gundi ya samaki inashikamana na zinki pale hasa palipoinuka, inapaziba, na zinki inayorudi inalazimika kushukia mabondeni. Nadhani tu. Tungehitaji kulipima, na wewe ungeona kosa langu haraka kuliko mimi.

Alhamisi profesa aliingia. Alisimama kwenye meza ya Nicolas kama siku zote, halafu harufu ikamuleta kwangu. Aliangalia daftari la vipimo. Akatoa sahani majini kwa koleo, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, mara mbili. Nicolas akasogea. Profesa akaniuliza, "Wazo hili ni la nani?"

Yaya, nilikuwa na neno "langu" mudomoni. Lilikuwa limekwisha kufika kwenye meno. Hakuna muntu katika nchi hii ambaye angejua.

Nikasema, "La dada yangu. Anafundisha kemia Kalemie."

"Wapi?"

"Zaire. Kando ya ziwa Tanganyika. Amefika mara thelathini na moja kwa chupa za konfitiri, tangu mwaka jana."

Hakucheka. Alivuta kiti cha Nicolas, akaketi, akafungua ukurasa mupya wa daftari lake mwenyewe, lile ambalo haliachi mukononi. "Jina lake?" Nikamutajia. Aliandika Emerance kwa urahisi, kisha akasimama kwenye la pili, Kyomba. Nikamutajia herufi moja moja. Nicolas alikuwa ameinama juu ya bega lake anasoma. Hapo njo ulinipata, wivu kama ule wa zamani, hata shingo ikawa moto, kuona jina lako kwa mwandiko wa muntu yule ambaye miaka miwili hajawahi kuandika langu. Nikamwambia amekosea, ni y, si i. Akafuta, akaandika vizuri.

Mudogo wako,
Cyrille